Machi ya tope: kazi za mikono na wajukuu theluji inapoyeyuka

Mkwe wangu alitundika jikoni kalenda ambayo ukurasa wa Machi una vipepeo na maua ya kila rangi. Nikachungulia dirishani. Theluji imerundikwa kando ya barabara, imekuwa nyeusi kama mkaa, miti mikavu, tope mpaka mlangoni. Ndiyo majira ya kuchipua ya Minneapolis, Marekani, hayo. Kalenda inasema yanaanza tarehe 20 hivi, lakini huku baridi ya usiku huweza kuunguza miche hata Mei.

Nilifundisha chekechea Tanga kabla ya kuja kulea wajukuu, wa kike miaka mitano na wa kiume mitatu. Huyu wa kiume ndiye mume wangu, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu. Mwaka wa kwanza nilifuata picha za kwenye simu: tukakata maua ya karatasi, tukayabandika dirishani. Mkubwa akayatazama, akatazama nje. "Bibi, mbona huko hayapo?" Nikakosa la kusema. Tangu hapo tunatumia kilichopo nje: theluji chafu, tope, vijiti na upepo.

Anzeni na theluji kabla haijaisha. Chukua kopo la plastiki linaloonyesha ndani, mjaze pamoja bila kushindilia, chora mstari wa wino mzito pale theluji ilipofika, kisha liweke mezani ndani ya nyumba. Kila mtoto aonyeshe kwa kidole maji yataishia wapi. Mkubwa wangu alionyesha palepale kwenye mstari. Mume wangu akaweka kidole juu ya mdomo wa kopo. Baada ya chakula cha mchana maji yalikuwa chini kabisa, na wote wawili walidhani nimeyanywa. Theluji mpya, laini, imejaa hewa. Sentimita 10 zake hutoa maji kama sentimita 1 tu. Hii ya Machi, iliyolala na kukanyagwa, hutoa zaidi, kwa hiyo ukiwahi kupata zote mbili jaza makopo mawili muone.

Kisha pitisha maji hayo kwenye karatasi ya kuchujia kahawa. Hapo ndipo kelele zilipoanza: mchanga, vipande vya majani, weusi wa barabarani. "Hii ndiyo uliyokuwa ukiilamba jana," nikamwambia mume wangu. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akajifuta ulimi kwa mkono wa sweta.

Tope nalo lina kazi yake, tena hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Wakati huu huonekana ndege wa mgongo wa kijivu na kifua cha rangi ya chungwa. Wenyeji humwita robin. Hujenga kiota kwa nyasi kavu, vijiti na tope, na jike ndiye hukiumba kwa kujizungusha ndani yake na kukisukuma kwa mwili. Waonyesheni watoto ndege mwenyewe kwanza, wakimwona akivuta mnyoo kwenye nyasi. Halafu mjenge.

Utahitaji bakuli dogo lililotandikwa mfuko wa plastiki, tope, na nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole cha mtu mzima. Tope lisiwe uji; liwe kama ugali mlaini, ule unaoshikana ukiufinya. Changanyeni kwa mikono. Kiota chetu cha kwanza kilivunjika vipande vitatu kwa sababu nilibania nyasi, na nyasi ndizo zinazoshika tope kama chuma kwenye zege. Kwa hiyo tia nyasi mpaka uone zimezidi, halafu ongeza konzi moja. Mtoto akandike bakuli kwa ndani, kisha asukume katikati kwa ngumi huku wewe ukilizungusha bakuli. Acheni siku mbili tatu mahali pakavu, vuta mfuko, kiota kinatoka.

Mayai fanyeni kwa donge la unga: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, na maji kama kikombe 1, uyatie kidogo kidogo. Yafinyangeni madogo kuliko ya kuku, urefu wa sentimita 3 hivi, yakauke, kisha yapakeni buluu ya anga. Matatu au manne yanatosha kiota kimoja. Donge hili si la kuonja, na kama nyumbani kuna mbwa liwekeni juu, maana chumvi ile inaweza kumdhuru.

Maharage kwenye pamba yenye maji kila mtu anayajua, sitayarefusha: loweka usiku kucha, uyabane kati ya pamba na ukuta wa gilasi ili mzizi uonekane. Ila yahesabu unapotoa na unapokusanya. Kule Tanga nilishawahi kukimbia na mtoto hospitalini, kunde iko puani. Na maharage mabichi yana sumu, hasa yale mekundu, kwa hiyo yasiingie mdomoni.

Upepo sasa. Utotoni kaka zangu walitengeneza kishada kwa chelewa za mnazi, gazeti na gundi ya unga, na sisi wasichana tulifukuzwa tusikanyage uzi. Kishada kile ni kigumu kwa mtoto wa miaka mitano, na chelewa sizipati huku. Hiki hapa kinatoka kwenye karatasi moja ya printa.

Kunja karatasi katikati, ncha fupi zikutane. Mkunjo ndio uti wa mgongo; uweke upande wa chini. Kwenye mkunjo, pima sentimita 6 kutoka mwisho mmoja, weka alama. Pima 8 kutoka mwisho uleule, weka alama ya pili. Vuta pembe ya juu iliyo karibu na mwisho huo mpaka alama ya kwanza, pembe ya upande wa pili vilevile, zijipinde tu bila kukandamizwa. Hapo piga stepla, kazi ya mtu mzima. Kwenye alama ya pili bandika utepe wa gundi ili karatasi isichanike, toboa, funga uzi wa mita 2 au 3. Basi. Watoto wachore watakavyo, ila wachore kabla ya kukunja. Wangu walichora baadaye na kalamu ikatoboa bawa.

Upepo mwanana unatosha. Ukiwa wa kuvunja matawi, bakini ndani. Fungeni mwisho wa uzi kwenye kijiti, maana mkono wenye glovu hauuhisi ukiponyoka. Mume wangu alikimbia akitazama nyuma, akakaa kwenye tope, kishada kikaenda zake kwa jirani. Hatukukifuata. Karatasi zimejaa kwenye printa ya baba yao.