Kushona gauni la kamba la binti kwa kitenge, kwa pateni ya mtandaoni

Sisi wa huku Kigoma, mwisho wa reli, kitenge hakitusumbui, vingine vinavuka ziwa kutoka Kongo vingine vinaingia na Burundi, ukipita Mwanga au Ujiji hukosi cha kukupendeza. Kinachosumbua ni hizi pateni za kushusha kwenye simu, yaani michoro ya kukatia nguo, mtu anaangalia imeandikwa miaka 6, mwanae ana miaka 6, anakata, gauni linatoka linampwaya kama la dada yake. Umri weka pembeni kabisa. Chukua futi ya kamba umpime kifua chini ya kwapa, halafu kutoka hapo kwapani hadi unapotaka gauni liishie. Pateni nyingi za Kimarekani saizi 6 ni ya kifua cha inchi 25, na watoto wetu wengi wa umri huo ni wembamba kidogo halafu warefu, kwa hiyo unafuata mstari wa saizi ndogo kwenye upana, urefu unaongeza mwenyewe.

Kwenye kuprinti hapo steshenari mwambie kijana aweke asilimia 100, asiruhusu mashine ibane kurasa ziingie kwenye karatasi. Karatasi za Marekani ni pana kidogo kuliko hizi A4 zetu, ukiacha ijibane yenyewe vipande vyote vinapungua. Kwenye pateni huwa kuna kiboksi cha kupimia, weka futi pale, kama kimeandikwa inchi 1 basi kiwe inchi 1 kweli, kikipungua hata kidogo rudisha waprinti upya. Angalia pia kama nafasi ya mshono imo tayari, za Kimarekani mara nyingi imo na ni sentimita 1.5 hivi, zingine hawajaweka kabisa na hapo lazima uongeze wewe.

Kitenge nunua yadi moja na nusu, kwa mtoto wa kifua inchi 22 inatosha na masalia yanabaki. Kiloweke na ukifue kabla ya kukata jamani, ile wanga ya dukani itoke na kama ni cha kuruka maji kirukie huko huko kwenye beseni, sio kikiwa gauni tayari. Halafu piga pasi. Na kama binti ndo wale wa kula samaki migebuka kwa mikono miwili chagua rangi iliyokolea, maana doa la mawese kwenye kitenge cheupe halina dawa.

Kabla hujagusa kitenge, kata kifua cha gauni cha majaribio kwenye shuka kuukuu, piga bandi (mshono wa muda) kwa mkono tu, mvalishe. Mwambie anyanyue mikono juu kama anachuma embe. Kwapa likiachia, bana kidogo kwa pini palepale kwenye ukingo na hicho ulichobana kitoe kwenye karatasi. Kifua kikipanda juu ongeza inchi moja chini. Hapa usiwe na haraka, ukishapata kifua kinachokaa hiyo karatasi unaitunza, gauni zote za mwaka huo zinatoka humo humo.

Sasa kukata. Kifua cha mbele kata viwili, kimoja kitenge kimoja bitana ya pamba nyepesi, na kama kitenge kina ua kubwa hakikisha linakaa katikati ya kifua, ua likienda upande gauni zima linaonekana limepinda hata kama umeshona vizuri. Mgongo nao kata kitenge na bitana ila upana kama inchi 15 au 16 maana ndo unaingia lastiki. Sketi ni rahisi mno: upana wa kitenge ni inchi 45 hivi, ambayo ni kama mara mbili ya kifua cha inchi 22, basi unachukua upana wote kama ulivyo, mshono mmoja tu nyuma. Urefu weka inchi 18 au unavyotaka, pindo ongeza inchi 3. Kamba mbili upana inchi 3, unakunja katikati, unaingiza kingo ndani, unakunja tena, unapiga mashine, inatoka kamba ya robo tatu ya inchi.

Kushona unaanza na kifua: kitenge na bitana uso kwa uso, kamba zikiwa katikati upande wa mbele tu, piga juu na kwapani, chanja chanja kwenye mviringo ndo ugeuze. Mgongo uunge na bitana yake juu, geuza, halafu piga mistari ya kupitishia lastiki, njia mbili au tatu, lastiki ya inchi 9 na nusu kila moja, vuta na pini, bana ncha kwenye mishono ya ubavuni unapounga mbele na mgongo.

Marinda ya sketi piga mistari miwili ya mshono mrefu, namba 4 au 5, usirudishe nyuma mwanzoni wala mwishoni, halafu vuta uzi wa chini taratibu. Nusu ya sketi iunge kwenye kifua cha mbele, nusu kwenye mgongo, pini kwanza ndo cherehani. Wa Butterfly ya kukanyaga wala msijali, inashona hivi vitu vizuri tu.

Mbwembwe sasa: mifuko ya kitenge kingine, frili begani, au utepe wa rangi moja chini ya sketi. Chagua moja au mbili, zote tatu ni fujo.

Kwenye pindo, upande wa ndani, kunja kikunjo cha inchi moja ukishone kwa mshono mrefu, kinameza inchi mbili za urefu, mwakani unafumua gauni linashuka. Kamba nazo toboa matundu ya vifungo matatu yakipishana inchi moja, vifungo viwili ndani ya mgongo, na zipishanishe nyuma zisidondoke begani. Vifungo shona mwisho kabisa, gauni likiwa mwilini mwa mtoto.