SOMO: Kutoa mkaa jikoni kwa mgahawa, anza na maharage

Habari zenu wakuu. Nina mgahawa mdogo hapa Dar, asubuhi supu na chapati, mchana wali maharage na ugali samaki. Katazo la kuni na mkaa la Januari 2024 liliwahusu wanaopikia watu zaidi ya 100 kwa siku, mimi sifiki huko, nilihama kwasababu ya dada anaenipikia, kila siku anakohoa moshi na mimi nipo kaunta nahesabu hela, roho ilikua inaniuma.

HATUA 1. Wiki nzima andika kila ndoo ya mkaa imepikia nini. Usiruke hii! Mi nilidhani chapati ndo zinamaliza mkaa kumbe ni maharage na makongoro, vitu vya kukaa motoni masaa matatu.

HATUA 2. Nunua jiko la presha la umeme. La wati 1000 hata liwake saa nzima mfululizo halizidi uniti 1 ya LUKU, na linakata lenyewe presha ikijaa kwaiyo linakula chini ya hapo. Maharage loweka usiku, usivuke nusu ya sufuria maana povu linaziba valvu, alafu tui la nazi weka mwisho ukishafungua.

HATUA 3. Fundi avute waya wa jiko peke yake. Majiko mawili kwenye ekstensheni ya kuchajia simu ni kutafuta moto.

HATUA 4. Sola iwe ya taa na friji kwanza, kupikia kunataka betri kubwa sana. Chapati nimeziacha kwenye gesi, sio jadidifu (yaani nishati isiyoisha kama jua) ila moshi hakuna.

MASWALI

Umeme ukikatika saa tano wateja wanakuja je?
— Pika maharage alfajiri, saa tano unaunga tu kwenye gesi.

Ladha si inapotea mkuu?
— Mwanzo walilalamika, kosa lilikua langu, maji mengi. Kwenye presha hayakauki, punguza.

Bayogesi ya maganda vipi?
— Inawezekana ukiwa na uwanja. Unaanzisha na kinyesi cha ng'ombe, alafu unailisha kidogo kidogo kila siku, ndimu nyingi na mafuta usimwage humo, gesi inakata. Mimi sina uwanja, maganda na makombo natenga ndoo mbili, mfugaji anapitia jioni.