Kabla hujaanza kufuga utitiri mwindaji hapa Mombasa

Watu wakitaka kufuga Phytoseiulus persimilis, yule utitiri mwekundu anayewala utitiri waharibifu wa majani, swali la kwanza ni nitawapata wapi. Hilo dogo. Jiulize watakula nini wiki ijayo, maana hawa chavua hawataki, unga hawataki, wanataka utitiri wa madoa mawili, Tetranychus urticae, basi. Wale wa kwenye nyanya, Tetranychus evansi, usiwaletee, hawanawiri nao. Kwa hivyo panda maharagwe mapema, yaambukize utitiri wa madoa mawili, na uyaweke chumba cha mbali kabisa na wawindaji. Kila siku anza kazi chumba cha chakula ndo uende kwa wawindaji, usirudi nyuma, jike mmoja tu wa mwindaji aliyepandwa akikufuata kwa nguo huko chakula chote kwisha.

Halafu joto. Unyevu tunao bure, na mayai yanataka asilimia 60 kwenda juu la sivyo yanasinyaa, lakini kaskazi inapoisha, Februari na Machi hivi, chumba kinapita digrii 30 na hapo wanaanza kuteseka, sasa ukiwasha eisii nayo inakausha hewa, yaani umetatua hili umeharibu lile. Weka trei za maji na kipima unyevu. Stima ikipotea je? Kuwe na kisanduku cha baridi na barafu tayari.

Kwa digrii 25 yai linafika utu uzima kama siku 5. Anatoka na miguu sita, hali kitu, anajibadua anakuwa na minane, anajibadua tena mara mbili ndo mzima. Ukitaka wa rika moja waache majike kwenye jani safi siku moja watage, kisha waondoe, mayai yabaki. Jani ligeuze juu ya spanji iliyolowa, upande wake wa juu uwe chini na wa chini uwe juu, na kingo uzizungushie pamba iliyolowa wasitoroke, maana wana mbio hao. Chini ya darubini utajua tu yai lipi la nani: la mwindaji limerefuka kidogo, lina wekundu wa mbali, na ni kubwa kama mara mbili ya lile la duara la mawindo. Wakikosa chakula wanalana wenyewe kwa wenyewe.

Na dawa ya mbu! Mwambie anayefagia jioni asipulizie wala asiwashe koili karibu, tena bandika karatasi mlangoni, kwa herufi kubwa.