Somo: Kuanza msimu wa mbio za nyika skulini. Someni lote kabla ya kuuliza

Assalamu alaykum. Tangu kusi lianze kuvuma, kila wiki napokea swali lile lile: "Maalim, timu ya nyika naianzaje?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja. Nafundisha hapa Pemba na huu ni msimu wangu wa saba na watoto wa mbio.

Hatua ya 1: Ruhusa. Mwalimu mkuu, wazazi, na ustadhi wa chuoni, pale watoto wanaposoma Kurani. Huyo wa tatu wengi humsahau, kisha hushangaa kuona nusu ya timu haipo baada ya alasiri.

Hatua ya 2: Afya. Muulize mzazi, si mtoto: pumu, selimundu, moyo, kifafa. Mwenye mojawapo apite kwa daktari kwanza.

Hatua ya 3: Njia. Msikisie umbali. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mzunguko wa mita 346, yaani kilomita moja ni karibu mizunguko mitatu. Lakini viwanja vyetu vingi vya skuli ni vidogo kuliko hapo, na nje ya uwanja hakuna mistari. Mimi natumia baiskeli. Nafunga kitambaa chekundu kwenye tairi, napima mzunguko wa gurudumu kwa futi ya fundi cherehani, kisha naikokota njia nzima huku mwanafunzi anahesabu kitambaa kinapogusa chini.

Hatua ya 4: Wiki mbili za mwanzo. Hapa nawaomba mtulie.

Msimu wangu wa pili niliwaita watoto siku ya kwanza, saa tisa mchana. Nikawapanga mstari, nikawaambia kilomita 5, watakaotangulia ndio nitakaowachukua. Nilitaka nipate timu siku hiyo hiyo. Kijana mmoja wa kidato cha pili aliongoza karibu njia nzima, kisha akaanza kuyumba, anatoka njiani na kurudi. Nikadhani anategea. Nikampigia kelele amalize, na alipomaliza akaanguka. Tukapoteza muda kutafuta gari, tukampakia, vioo vimefungwa, na kisima kilikuwa hatua 30 kutoka pale alipolala. Alhamdulillahi alipona, akatoka hospitali siku ya tatu. Mama yake hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Maalim, hukumuona anayumba?" Nilimuona.

Jasho hupoza mwili pale linapokauka. Pwani hewa imeshiba unyevu, jasho linachuruzika bila kukauka, na joto linabaki ndani. Mwili huzoea, ila unahitaji siku 10 hadi 14 za mazoezi, na hakuna ujana wala ubingwa unaoondoa haja hiyo. Machi 2007 Mombasa iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika, kando ya bahari hii hii yetu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo miaka 5 mfululizo, aliacha njiani katika mzunguko wa mwisho kwa ajili ya joto. Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ubingwa. Ikiwa Bekele alishindwa na joto la pwani, mtoto aliyekula mhogo na chai tangu asubuhi tumfanye nini?

Kwa hiyo siku 4 za mwanzo ni dakika 20 tu, kwa mwendo ambao mtoto anaweza kuongea na mwenzake. Saa ya kupimia kasi iacheni nyumbani. Kisha ongezeni dakika 5 kila baada ya siku mbili au tatu. Anzeni saa kumi na nusu jioni, si kabla. Maji yawepo, ya kunywa na ya kumwagia.

Mtoto akiyumba, akitapika au akisema maneno yasiyoeleweka, mtoeni hapo hapo. Kivulini, fulana ivuliwe au ilegezwe, mwagieni maji mwili mzima bila kuacha na mumpepee. Khanga mbichi ziwekwe shingoni na makwapani. Gari itafutwe huku kumwagia maji kunaendelea, na ndani ya gari pia muendelee. Asiyejitambua msimnyweshe kitu. Na msisubiri kuona ngozi imekauka: aliyezidiwa na joto akiwa anakimbia anaweza kuwa bado ametota jasho.

Hatua ya 5: Wiki ya kawaida. Siku nne zatosha. Mbili za mwendo wa kuongea, moja ya vilima (Pemba Mungu ametupa vilima, Unguja wavitafute), moja ya kasi: dakika 2 mbio, dakika 2 kutembea, mara 6.

Hatua ya 6: Kuchagua. Mashindano ya dunia timu ina watu 6, na 4 wa mwanzo ndio wanaohesabiwa. Waulizeni waandalizi wenu kanuni yao. Nafasi ya kila mmoja ni pointi, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Skuli yenye nafasi ya 1, 12, 15 na 20 ina pointi 48. Yenye 5, 6, 8 na 9 ina 28, na kombe ni lake ingawa hakuna mtoto wake aliyeonekana kwenye picha ya mbele. Msimalizie nguvu zenu zote kwa mtoto mmoja mwenye kipaji.

MASWALI

Mgogoni_Express: Maalim mashindano yetu Jumamosi ijayo, naomba programu ya haraka vijana wawe fiti.

Jibu: Hakuna programu hiyo. Wakimbie taratibu, wamalize salama. Soma hatua ya 4.

Mgogoni_Express: Nimesoma. Ila wangu wagumu, mpira wanacheza kila siku.

Jibu: Aliyeanguka kwangu alikuwa winga wa skuli.

Mwl_Mkoani: Shukrani maalim. Wanafunzi wangu wako mkondo wa mchana. Saa kumi na nusu wamo darasani. Nifanyeje?

Jibu: Swali zuri, na nilipaswa kuliandika juu. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijapanda. Watoto wanywe uji mwepesi au wale ndizi moja nusu saa kabla. Kuna jambo moja la kuangalia: wakishazoea baridi ya asubuhi na mashindano yakapangwa mchana, watashangaa. Wiki mbili kabla, tumia Jumamosi na Jumapili kuwakimbiza taratibu jioni.

BintiWaWete: Na wasichana? Wazazi wanataka wajistiri, na zile suti za michezo za dukani zinawachemsha.

Jibu: Kweli kabisa, nailoni nzito inafungia joto. Mpelekee fundi kitambaa chepesi, suruali pana na fulana ndefu ya mikono, rangi nyeupe au ya kufifia. Mtandio ushonwe kama kofia usihitaji pini.

Fundi_Kengeja: Naongezea, mpira wa kiunoni uwe mpana. Mwembamba unakata tumbo, mtoto anashika suruali badala ya kukimbia.

Jibu: Ahsante sana fundi, hilo sikulijua.

Kojani77: Wawili wangu wanalalamika ugoko.

Jibu: Mnakimbia wapi?

Kojani77: Barabara ya lami, kila siku.

Jibu: Hapo ndipo tatizo lilipo. Wapumzishe hadi wakikanyaga hawaumii, kisha warudi kwenye majani au mchanga uliotota maji yakipwa. Ufukwe una mteremko, kwa hiyo waende na kurudi ili mguu mmoja usibebe mzigo wote. Akiuma sehemu moja tu akibonyezwa kwa kidole, mpeleke hospitali, unaweza kuwa mfupa.

Mkarafuu_Asili: Nikumbushe na hili: msimu wa karafuu pangeni njia mbali na zinapoanikwa. Mwaka jana watoto walikanyaga majamvi ya jirani yangu.

Jibu: Nami nasisitiza. Ile ni pesa ya mtu ya mwaka mzima.

Mzazi_Chake: Ramadhani mnasimamisha?

Jibu: Hatusimamishi, tunapunguza. Dakika 25 taratibu zinazoishia karibu na adhana ya magharibi, ili mtoto afuturu mara moja. Kasi na vilima hakuna mwezi mzima.

Abuu_T: Timu inakuwa na watu wangapi?

Jibu: Hatua ya 6, mwanzoni.

Mwanafunzi_F3: Maalim, mimi ni mwanafunzi. Kwenye timu yetu ni wa sita, sihesabiwi. Nina faida gani?

Jibu: Unayo, mwanangu, tena kubwa. Wanne wenu hawajulikani hadi mstari wa mwisho. Akiumwa tumbo mmoja na mwingine akateguka, wewe ndiye wa nne. Na hata usipohesabiwa, ukimpita mtu wa nne wa skuli nyingine unamsukuma nafasi moja nyuma, wao wanaongezewa pointi. Kwa hiyo kabla ya filimbi mtafute yule wa nne wao, mjue kwa fulana na kimo, na katika kilima cha mwisho uwe begani kwake.