Hesabu pumzi kumi kabla ya kushika simu

Nilikuwa naamka na simu mkononi. Chai ikija kupoa nimeshagombana na watu watatu nisiowajua. Sasa nafanya zazeni, ule ukaaji wa kutafakari wa watawa wa Zeni, tawi la dini ya Kibudha huko Japani, ila dakika kumi tu.

Simu iache chumba kingine. Kunja blanketi, likalie ukingoni, magoti yaguse mkeka, mgongo wima. Magoti yakiuma, kaa kwenye stuli. Macho usifumbe, yaangushe chini, nusu wazi. Hesabu kila unapotoa pumzi: moja, mbili, hadi kumi, kisha rudi moja. Utapotea. Mimi nikifika nne tayari nawaza kodi ya nyumba, mara nashtuka niko kumi na saba! Usijilaumu, anza moja. Huko kurudi ndiko nidhamu yenyewe.

Halafu nenda jikoni. Mwaka 1237 Dogen, mtawa wa Zeni wa Japani, aliwaandikia wapishi wa hekalu wasipoteze hata punje moja ya mchele. Basi mimi huchagua mchele kwenye ungo, redio nimezima: chuya huku, vijiwe kule. Wiki ya kwanza mke wangu alicheka. Siku hizi hunisogezea ungo kabla sijaomba.