Jinsi ya kusoma utafiti wa shule za biashara ukaona sera inavyogusa mkakati wa kampuni

Ukipata utafiti wa biashara usiusome mwanzo hadi mwisho, utachoka bure, we tafuta kwanza ni sera gani inazungumziwa na ilianza lini, maana tarehe huwa mbili: siku serikali ilipotangaza na siku sheria ilipoanza kufanya kazi. Hapo katikati ndo kampuni hupanga mambo yake.

Chukua kodi ya vinywaji vyenye sukari Uingereza. Ilitangazwa Machi 2016, ikaanza Aprili 2018. Kinywaji chenye gramu 8 za sukari au zaidi kwa kila mililita 100 kilitozwa peni 24 kwa lita, cha gramu 5 mpaka chini ya 8 peni 18, chini ya 5 hakikutozwa kitu. Sasa ungekuwa na kiwanda ungefanyaje? Wengi walipunguza sukari kabla hata kodi haijaanza, yaani ile gramu 5 ndo ikawa mkakati wenyewe, na kwangu mimi hapo ndo penye utamu wote wa tafiti hizi.

Halafu angalia watafiti wamelinganisha kampuni hizo na nani. Kama hakuna kundi ambalo sera haikuligusa usiamini haraka, pengine wateja walishaanza kubadilika wenyewe tu.

Kabla hujafika kwenye hitimisho chukua kalamu: kama una biashara, andika sheria inayokuja itakubana kwenye gharama ipi na umebakiwa na miezi mingapi, kama unatunga sera andika kampuni zitakwepea wapi.