Tramu za Melbourne kwa mama anayetoka Nairobi

Mama mmoja wa chama chetu anaondoka kwenda Melbourne kumlea mjukuu, na ameniomba nimwandikie vile watu husafiri kule kwa tramu, yaani gari la abiria linalopita kwenye reli katikati ya barabara. Nimeona heri niwaandikie wote, kwa sababu watoto wetu wamejaa Australia na kila mwaka kuna shosho anayefunga sanduku. Binti yangu anaishi Brunswick, kaskazini mwa mji, kando ya Sydney Road, na tramu yetu ilikuwa namba 19. Kwa hiyo mifano mingi nitatoa huko.

Jambo la kwanza, na mengine yote yanatokana na hilo: tramu haina makanga. Zamani makondakta walikuwepo, wakaondolewa kidogo kidogo, na kufikia 1998 walikuwa wamekwisha. Sasa hesabu kazi ambazo makanga wa matatu namba 58 hukufanyia kutoka Buruburu hadi tao. Anakuambia gari linaenda wapi, anachukua pesa, anarudisha chenji (akikumbuka), anagonga bodi dereva asimame, na ukiwa na mzigo au mtoto anakupokea mlangoni. Kule hizo kazi zote ni zako. Dereva amejifungia kwenye kijumba chake mbele, hauzi tiketi na hapokei pesa.

Tuanze na pesa. Nauli hulipwa kwa kadi inayoitwa Myki. Ndani ya tramu hainunuliwi, kwa hiyo uwe nayo kabla hujapanda. Inauzwa kwenye maduka ya 7-Eleven na kwenye vituo vikubwa vya treni. Kadi yenyewe ya mtu mzima ni dola 6, halafu unaijaza pesa. Wenye simu za Android wanaweza kuiweka kwenye simu, lakini mimi nakushauri ushike kadi ya plastiki, kwa sababu simu huzima na shosho hutembea na simu ya kuzima. Mtoto wako akikuachia kadi yake ya zamani, hakikisha haijapitisha tarehe. Kadi hizo huisha muda, na ikishaisha mashine itaikataa hata kama ina pesa.

Ukipanda, tafuta mashine ndogo ya kusoma kadi karibu na mlango. Bandika kadi hapo na uitulize hadi usikie mlio na uone salio. Usiipitishe juu juu kama mtu anayefukuza nzi. Usiibandike pochi nzima pia, kwa sababu ikiwa na kadi za benki ndani, mashine huchanganyikiwa. Ukishuka kwenye tramu huna haja ya kugusa tena, isipokuwa safari yako yote iwe huko mwisho kabisa wa njia za 75, 86 au 109, ambako ni kanda ya pili ya nauli. Kwenye treni na basi mambo ni tofauti. Huko unagusa ukiingia na unagusa ukitoka. Kadi ni ile ile.

Mwaka 2025 nauli ya saa mbili ilikuwa dola 5.50, zaidi ya shilingi 400 zetu, na ya siku nzima dola 11. Hubadilishwa karibu kila Januari, basi ulizia ya sasa. Usishtuke, kwa maana hizo saa mbili ni ndefu kuliko unavyodhani. Zinaanza kuhesabiwa kwenye saa kamili inayofuata. Ukigusa saa tatu na dakika kumi asubuhi, zinaanza kuhesabika saa nne, na unasafiri hadi saa sita mchana kwa nauli hiyo moja, ukipanda na kushuka upendavyo, treni na basi zikiwemo. Ukigusa baada ya saa kumi na mbili jioni, nauli hiyo inakubeba hadi saa tisa usiku. Kila unapopanda, gusa hata kama bado una muda. Mashine inajua kuwa umeshalipa. Ukipitisha saa zako utakatwa mara ya pili, na hapo umefika kiwango cha siku. Kuanzia hapo hukatwi tena hadi kesho. Wikendi kiwango cha siku huwa chini zaidi. Na mvua ikinyesha nauli haipandi, jambo ambalo sikulizoea kamwe.

Nikwambie pia kuhusu umri, kwa sababu kuna mtu atakudanganya. Wazee wa huko wana kadi ya wazee inayowapunguzia nauli, lakini hiyo ni ya wakazi. Wewe uliyekuja na viza ya kutembea utalipa nauli kamili hata ukiwa na mvi kichwa kizima. Mjukuu wa chini ya miaka 5 halipi.

Wakaguzi wapo. Wengine wamevaa sare, wengine nguo za kawaida kama abiria. Kuwaambia "mimi ni mgeni" si dawa, na faini ni mamia ya dola. Hakuna kuongea pembeni na mtu hapo. Umenielewa.

Ila kuna sehemu ya bure, na ni ya bure kweli. Tangu 1 Januari 2015 katikati ya mji na mtaa wa Docklands hakuna nauli ya tramu. Ukipanda na kushuka ndani ya eneo hilo, usiguse kadi kabisa, kwa sababu ukigusa utakatwa. Mipaka imeandikwa vituoni, na ndani ya tramu sauti hutangaza mnapokaribia kutoka. Mfano wetu wa 19: tramu inaanzia Flinders Street Station, inapanda Elizabeth Street hadi soko la Queen Victoria Market. Kipande hicho chote ni bure. Ukivuka soko kuelekea Brunswick, unalipa. Kwa hiyo mwenye kurudi nyumbani anagusa pale pale anapopanda, asingoje mpaka. Soko lenyewe lilifunguliwa 1878 na linastahili safari, lakini Jumatatu na Jumatano mchana hufungwa. Utafika upate mageti.

Katikati ya mji kuna pia tramu ya kizamani ya mbao, namba 35, inayozunguka mji bure kwa ajili ya watalii. Huenda polepole na hujaa. Panda mara moja upige picha uwatumie wa nyumbani, basi.

Sasa kujua tramu inaenda wapi. Mbele imeandikwa namba na mwisho wa njia, nawe soma vyote viwili. Rangi haikusaidii, maana si nganya kwamba utaijua kwa michoro na muziki. Pale Elizabeth Street namba 19, 57 na 59 hutumia reli moja, kisha mbele zinaachana na kila moja inaenda mtaa wake. Ukiona herufi ndogo baada ya namba, chunguza. "d" maana yake tramu inarudi gereji na haitafika mwisho wa njia, na "a" ni kwamba njia imebadilishwa kidogo. Kila kituo kina namba yake, na mtoto wako akikuelekeza atakwambia "shuka stop 20 na kitu". Andika namba hiyo kwenye karatasi. Kwenye bango la kituo kuna pia namba ya tarakimu nne. Ukiiingiza kwenye programu ya simu inayoitwa tramTracker, inakuonyesha tramu ijayo iko dakika ngapi. Vituo vikubwa vina skrini inayosema hivyo hivyo.

Na tafadhali, 59 inaenda Airport West. Huo ni mtaa wa watu. Uwanja wa ndege haufikiwi na tramu wala treni. Kama hakuna wa kukupokea, nje ya uwanja kuna basi la SkyBus linalokushusha Southern Cross Station mjini, na hapo ndipo tramu zinaanza kukufaa. Bado Myki hailipii SkyBus. Ina tiketi yake.

Ukiwa kituoni peke yako na tramu inakuja, nyosha mkono dereva akuone, hasa mahali ambapo namba kadhaa hupita. Milango mingine haifunguki hadi ubonyeze kitufe, kwa hiyo usisimame ukiitazama. Kushuka, bonyeza kitufe cha kusimamisha kabla ya kituo chako. Tramu za zamani zina kamba ya kuvuta. "Shukisha hapo mbele" haipo. Inasimama kwenye kituo tu.

Hapa kwenye kupanda na kushuka ndipo nataka unisikilize kwa makini. Melbourne ina mtandao wa tramu mkubwa kuliko mji wowote duniani, kilomita 250 hivi na vituo zaidi ya 1,700, na vituo hivyo havifanani. Mjini utapata jukwaa lililoinuliwa, unaingia bila kupanda ngazi. Lakini Sydney Road, sehemu kubwa kituo ni bango tu kando ya barabara. Tramu inasimama katikati ya barabara, na kati yako na mlango kuna njia ya magari. Sheria inayataka magari yasimame nyuma ya tramu milango ikifunguka, na mengi husimama. Wewe angalia kwanza. Ukishuka ukiwa umeelekeza uso nje, hatari inatoka mkono wako wa kushoto, kwa sababu magari na baiskeli hutoka nyuma ya tramu. Simama kwenye ngazi ya mwisho, shika chuma, tazama kushoto, ndipo ushuke. Kijana wa baiskeli hana injini ya kukuonya.

Tramu za zamani zina ngazi ndefu, na za njia yetu nyingi zilikuwa hivyo. Ukiwa na kigari cha mtoto ni kazi. Mimi nilikuwa nafanya hivi: kabla ya tramu kufika, mtoto namfunga mgongoni kwa leso, nafunga fundo juu ya kifua, kisha nakunja kigari nakishika mkono mmoja. Mkono wa pili ni wa chuma cha mlango. Binti yangu aliona aibu mwanzoni, lakini abiria walikuwa wananisifu, na mara nyingi mtu alikipokea kigari bila kuombwa. Kama hukuenda na leso, omba msaada kwa sauti. Watu wa huko hawakuingilii mpaka useme, ila ukisema hawakatai. Safari ikiwa ya raha, chagua njia yenye tramu mpya za sakafu ya chini. Namba 96 ni nzuri kwa hilo, unaingiza kigari moja kwa moja, nayo inakufikisha hadi ufuo wa St Kilda.

Ukishaingia, keti au shika. Usianze kutafuta kitu kwenye kiondo ukiwa umesimama. Dereva akifunga breki ghafla, wazee ndio huanguka. Viti vya mbele karibu na milango vimewekwa alama kwa wazee na wenye watoto, na ukisimama karibu navyo mtu atainuka. Kuhusu uzito wa kitu hicho, kampuni ya tramu ilianzisha kampeni ya usalama mwaka 2011 yenye picha ya kifaru, yule mnyama wa pembe, juu ya ubao wa magurudumu, ikisema tramu moja ina uzito wa vifaru 30. Sisi ambao vifaru wako hapo nyuma ya ua wa mbuga, Lang'ata Road, hatuhitaji kuchorewa. Haiwezi kukukwepa, iko kwenye reli. Kabla ya kuvuka barabara yenye reli tazama pande zote mbili, na usikimbilie tramu inayofunga milango. Mchana wa siku za kazi nyingine haikawii.

Magari ya mjini yatakushangaza. Wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, lakini kwenye makutano mengi yenye reli anayekata kulia husogea kwanza kushoto kabisa, anaingia kwenye makutano na kungoja upande huo huo wa kushoto, kisha anakata taa zikibadilika. Wanafanya hivyo ili wasiifungie tramu njia. Wewe vuka kwa taa yako ya miguu tu, usijaribu kumsoma dereva.

Usiku, siku za kawaida tramu huisha karibu na saa sita. Ijumaa na Jumamosi njia sita hukesha: 19, 67, 75, 86, 96 na 109. Sidhani utakuwa nje saa hizo, lakini harusi na mikesha ya maombi ya Wakenya wa huko mnaijua.

Mwisho, unga. Ukitaka maduka na hoteli za Waafrika, wengi watakuelekeza Footscray, na Wahabeshi wa hapo wanapika vizuri sana. Kuna tramu Footscray, namba 82, lakini usiingoje mjini, maana haifiki huko kabisa. Inatoka Footscray hadi Moonee Ponds na kurudi. Ukiwa mjini panda treni kwa kadi yako ile ile, na ukishuka Footscray usisahau kugusa kwenye geti.